Koti la Mwisho

Alikuwa na jina zuri alilopewa na bibi yake, lakini tangu siku aliyoanza kazi kwa kaka yake hakuna aliyelitumia tena. Kaka alimkabidhi ndoo, akamwita Ndoo, vibarua wakadakia, na muda si muda hata wateja wakawa wanasema, "Mwambieni Ndoo afunge geti." Mtu mzima, mwenye mvi zake za kwanza, aliyekwisha kuolewa na kuachika, anaitwa Ndoo mbele za watu, na anaitika. Ukitaka kumjua, anzia hapo.

Kaka naye alikuwa na jina lake la kazi: Kioo. Alikuwa fundi wa kung'arisha zege. Zile njia za gari za watu wenye nafasi zao, kutoka getini hadi barazani, zinazometameta kama zimemwagiwa maji sasa hivi, nyingi katika mji ule zilipitiwa na mkono wake. Hodari alikuwa, hilo hata adui yake hakulikana. Roho mbaya alikuwa nayo, na hilo hata mama yake mzazi alilijua, ila mama ni mama, akalifunika kama mtu anavyofunika chungu.

Ndoo aliporudi kutoka kwa mume, begi moja mkononi, baba yao alikuwa amekwisha kufariki na mama alikuwa amehamishiwa kwa Kioo. Kuhamishiwa ndilo neno lenyewe, maana hakuna aliyemuuliza. Alipewa chumba cha nyuma ya jiko, ambamo Kioo alikuwa akihifadhi makopo ya vanishi na madumu ya thina. Makopo hayakuondolewa, mama ndiye aliyebanwa ukutani, na Ndoo akaja kubanwa naye. Harufu ya thina ilikaa kwenye shuka, kwenye nywele, hata kwenye mkate. Mama akawa anakohoa, na wifi, mke wa Kioo, akipita koridoni alisema kwa sauti ya kusikika vizuri, "Wengine wanakohoa ili waonewe huruma."

Wifi yule! Chai ya mama aliitia maji mpaka ikafanana na maji ya kuoshea vikombe. Maziwa yaliongezwa maji, sabuni iliongezwa maji, chupa ya mafuta ilichorwa alama ya kalamu ili ajue nani kapika nini. Kioo naye akipewa kazi ya kupaka ukuta alikuwa akizimua rangi hadi ukuta ukipakwa unabaki na njaa. Nyumba nzima iliishi kwa kuzimua. Ndoo aliyaona yote hayo akayameza, na moyoni akaapa kwamba akipata chake hatazimua kitu cha mtu. Kiapo kizuri. Ndicho kilichomponza.

"Mfuate kakako kazini," mama alimwambia. "Ulimi wake mkali, lakini ni damu yako. Atakufundisha."

Akamfuata. Na kweli, alifundishwa.

Somo la kwanza lilikuwa asidi. Zege likishaoshwa kwa sabuni na mashine ya maji hupitishiwa asidi nyepesi ili vitundu vyake vifunguke, vanishi ipate pa kushika. Kioo alimpa dumu la asidi na ndoo tupu akamwambia achanganye na maji. Hakumwambia kipi kinaanza. Kila fundi anajua kwamba maji hutangulia, asidi ikafuata taratibu. Ndoo alitanguliza asidi, akamwagia maji juu, ikachemka ikamrukia mkono. Alipiga kelele majirani wakachungulia. Kioo alikuwa amesimama pale pale, mikono mfukoni, na hakuchelewa kucheka.

"Sasa utasahau?" alimuuliza.

"Kwa nini hukuniambia, kaka?"

"Ningekuambia ungesahau. Kidonda hakisahau."

Vibarua wakacheka pia, maana bosi akicheka asiyecheka ana lake. Aliyecheka zaidi alikuwa Pampu, bwana mnene wa mashine ya maji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa kucheka. Mkono wa Ndoo ulipona ukabaki na kovu kutoka kwenye kidole gumba hadi kwenye kifundo.

Somo la pili lilikuwa unyevu. Zege linaweza kuonekana kavu juu huku tumboni limejaa maji. Fundi hubandika kipande cha nailoni kwa utepe wa gundi, hukiacha mpaka asubuhi, na akikuta jasho kwa ndani anajua bado. Kioo alimwacha Ndoo apake kona nzima bila nailoni. Alimwona, akaenda zake kunywa chai. Kesho yake kona ile ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyoganda, kwa sababu maji yalikosa pa kutokea. Basi Ndoo akapigishwa magoti juani, akaikwangua kona yote kwa kisu cha kukwangulia huku wenye nyumba wamekaa barazani wanatazama. Kioo aliwaambia, "Msijali, huyu ni dada yangu, namsaidia tu, hana mbele wala nyuma." Ndoo aliyasikia maneno hayo yote na akaendelea kukwangua.

Ndivyo alivyosoma. Alijifunza kutopaka jua likiwa kali, kwa sababu alipaka saa ya jua vanishi ikatoa mapovu, akatukanwa mpaka vibarua wakaona aibu. Alijifunza kupaka koti, yaani mpako mmoja wa vanishi, jembamba na kulisubiri, kwa sababu alipaka nene likakaa siku nzima linanata, akaambiwa alilinde kuku na mbwa wasikanyage, bila mwavuli. Kila somo lilikuwa na kovu lake. Lakini alijifunza! Alikuwa na mkono mwepesi, rola yake haikuacha michirizi, na Pampu alikuwa akimwambia chini chini, "Ndoo, wewe unamzidi huyu." Akishasema anageuka kuangalia kama bosi yuko mbali.

Lilibaki jambo moja tu, koti la mwisho. Koti hilo Kioo hakumwachia mtu. Ikifika saa ya kulichanganya alikuwa akisema, "Ndoo, nenda getini," na Ndoo alikwenda getini akageukia barabarani, eti anazuia watu wasiingie. Vanishi ikishakauka, Kioo alivua viatu na soksi, akatembea peku kutoka juu mpaka chini, polepole, macho ameyafumba nusu. Kitendo hicho walikiita kukanyaga. Mpaka fundi akanyage, kazi haijaisha, na kibarua anayekanyagiwa kazi yake na Kioo akaambiwa "fundi" ndiye anayeweza kwenda kujitegemea. Ndoo alidhani ni maringo tu. Alimwona kaka yake anavyonyanyua shingo akitembea, akasema moyoni, tazama jogoo.

Siku moja geti la mteja lilikuwa na ufa. Ndoo akachungulia. Akamwona Kioo anatoa kopo la maziwa ya unga ndani ya begi lake, anamimina unga mweupe ndani ya vanishi, anakoroga haraka na kulirudisha kopo kabla hajaonekana.

"Kumbe!" Ndoo alisema peke yake.

Alikumbuka chai ya mama. Alikumbuka maziwa, sabuni, rangi za ukutani. Kazi ilipokauka alijifanya anaokota utepe, akapitisha kiganja juu ya zege. Lilikuwa linakwaruza kidogo, kwa mbali sana, na mng'aro wake ulikuwa umepungua kuliko ule wa koti la kabla yake. Ushahidi gani mwingine alitaka? Mtu anayekubali mama yake azimuliwe chai ataacha kumzimulia mteja vanishi? Ndoo hakumuuliza mtu. Angemuuliza nani, na kwa asidi ile tayari alishajua swali katika kazi ile linajibiwa vipi? Siku hiyo alirudi nyumbani amenyooka mgongo, kwa sababu alikuwa amempata kaka yake na kosa, na kwa mara ya kwanza alijiona bora kuliko yeye.

Karibu na nyumba moja waliyokuwa wakiifanyia kazi aliishi mwalimu mmoja mstaafu, mjane, mwenye nyumba juu ya kilima kidogo. Njia yake ya gari ilishuka kutoka barazani hadi getini kwa mteremko mkali. Mwalimu alikuwa amemtazama Ndoo kwa siku kadhaa akiwa dirishani. Akamwita.

"Hawa wengine wanapaka. Wewe unapaka na kutazama," alimwambia. "Nataka unifanyie langu. Wewe, si yeye. Na pale uani nina chumba kimekaa bure, kina dirisha na bomba lake. Nimesikia unaishi na mama yako. Hamieni, uwe unanitunzia nyumba, na mimi nipate mtu wa kuzungumza naye."

Ndoo alitaka kulia lakini alijikaza. Dirisha! Mama alikuwa hajalala kwenye chumba chenye dirisha tangu alipohamishiwa kwa mwanawe. Tangu dakika ile Ndoo hakutaka sifa wala utajiri. Alitaka kumtoa mama nyuma ya lile jiko, basi.

Aliposema nyumbani kwamba anaondoka, wifi alipiga vigelegele vya kejeli. Kioo alikuwa anakula, hakuinua uso.

"Fadhila za punda ni mashuzi," alisema. "Nimekuokota, nimekufundisha, sasa unanichukulia wateja."

"Sijakuchukulia, kaka. Aliniita mwenyewe."

"Haya. Nenda. Na mama uende naye, tuone utamlisha vanishi."

Ni mama aliyetafuta suluhu. Alimshika Ndoo mkono wenye kovu akamwambia, "Mwanangu, usiondoke kwa kumvunjia heshima mkubwa wako. Ukimaliza hiyo kazi mwite aje aikanyage. Akikanyaga yeye, mimi nitahama na moyo mweupe." Ndoo hakupenda, lakini hakuna alilowahi kumkatalia mama. Akakubali.

Kazi ile ya Mwalimu aliifanya kama anayenyoa kichwa cha mtoto mchanga. Aliosha, akasugua mafuta ya gari yaliyoingia kwenye zege tangu enzi za marehemu mume. Alipitisha asidi, maji yakitangulia. Alibandika nailoni juu, katikati na chini, akasubiri mpaka zote zilipokutwa kavu. Alipaka asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, koti la kwanza jembamba, la pili jembamba. Likaja koti la mwisho. Hakukuwa na wa kumpeleka getini. Alifungua kopo jipya la vanishi, akalimimina safi kama lilivyotoka kiwandani, bila chembe ya kitu ndani yake, na akasema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake, "Mteja huyu hatazimuliwa."

Lilipokauka, mawingu yalionekana ndani yake. Mwalimu alipotoka barazani alipiga makofi mfululizo kama mtoto. Majirani walikuja kutazama, wakasema hata kazi za Kioo hazifiki hapo, na ni kweli, hazikufika.

Kioo alikuja kwa miguu, Pampu nyuma yake. Mama alikuwa ameletwa mapema, amekalishwa barazani na fimbo yake magotini, amevaa gauni lake la kwendea arusini. Ilikuwa kiangazi, jua linawaka, hakuna hata dalili ya wingu la mvua. Kioo alipanda hadi juu kwa ukingoni, akavua viatu, akavua soksi, akazikunja akaziingiza ndani ya kiatu. Akaanza kukanyaga.

Alipiga hatua chache akasimama. Alisugua zege kwa kidole gumba cha mguu, mbele na nyuma, mara mbili tatu. Akautazama mteremko mpaka getini. Kisha akageuka akamtazama mama, na mama akamtabasamia kwa meno yake machache.

Ndoo alikuwa anasubiri. Ndugu zangu, watu wamewahi kusubiri hukumu ya mahakama kwa utulivu zaidi.

"Fundi," Kioo alisema.

Alivaa viatu vyake, akamuaga mama kwa kumshika bega, akashuka kurudi getini. Hakushukia kwenye zege. Alishukia pembeni, kwenye majani, na Pampu naye akamfuata kwenye majani. Ndoo aliliona hilo na machozi yakamtoka, maana alidhani kaka yake ameiheshimu kazi yake kiasi cha kutotaka kuichafua. Aliisimulia habari ile ya majani kwa kila mtu. "Mtu kama Kioo," alikuwa akisema, "kashukia kwenye majani!"

Wakahama. Maisha yale ya chumba cha uani yalikuwa mafupi, lakini yalikuwa maisha. Mama alilala dirisha wazi na kikohozi kikapungua. Chai ilikuwa chai. Mwalimu na mama walikaa barazani wakawasema watu waliopita barabarani, mmoja akianza mwingine anamalizia. Kila asubuhi mama alishuka na fimbo yake mpaka getini, kwenye lile zege kavu linalowaka jua, akasimama hapo kuwasalimia wapita njia, na kila aliyesimama alionyeshwa. "Hii kapaka mwanangu. Hata kakake, fundi mkubwa, alikuja akamwita fundi kwa mdomo wake." Ndoo akiwa anafagia alisikia na kujifanya hasikii. Wateja wawili watatu walikwisha kumuulizia. Jina la Ndoo lilianza kumtoka. Mwalimu alikuwa akimwita kwa lile jina lake zuri.

Mvua ya kwanza haikuwa kubwa. Ilinyesha alfajiri ikakatika, ikaacha zege limelowa na limependeza kuliko siku zote. Mama akaamka, akavaa ndala zake, akachukua fimbo, akatoka kwenda kusalimia watu wake.

Ndoo alisikia fimbo kwanza. Ilikuwa ikigonga zege ikishuka peke yake, inagonga na kubiringika, mpaka ikagota getini. Kisha akamsikia mama. Alitoka mbio, akaweka mguu kwenye zege lake mwenyewe, na mguu ukamtoroka. Akaanguka chali. Alijaribu kuinuka akateleza tena. Mikono haikupata pa kushika, magoti hayakupata pa kushika, na mama alikuwa pale katikati ya mteremko anaita, mguu wake umelala upande ambao mguu haulali. Ndoo alifika kwake kwa makalio, anajiburuta. Na hapo, kiganja chake kimebandikwa kwenye zege laini lililolowa, ndipo alipolijua kopo la maziwa ya unga lilikuwa na nini, na kazi yake nini. Haukuwa maziwa wala wa kuzimulia: unga ule ndio uliompa mtu pa kukanyagia. Kukwaruza kule kwa mbali ndiko Kioo alikokuwa akikutafuta kwa nyayo zake.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali walisema wazee wa umri ule wengine hupona, wengine hawatembei tena, tusubiri tuone. Wakasubiri, wakaona. Mama hakutembea tena.

Kioo alikuja hospitali na wifi, wamebeba machungwa. Wodini kulikuwa na wagonjwa wengine na jamaa zao, na mbele ya wote hao Kioo alitikisa kichwa akasema, "Wahenga walisema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Sasa niulize mimi ninayesimulia, kwa sababu Ndoo hakuuliza. Mkuu alisema nini? Alisema lini? Na guu lililovunjika ni la nani?

Ndoo alimkuta Pampu nje, kwenye benchi la wageni. Siku hiyo Pampu hakuwa anacheka.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Unga? Sisi wote tunajua. Nilidhani na wewe unajua. Siku ile tuliposhuka kwenye majani nilimwambia bosi, mbona hili halina unga, mtu ataumia. Akaniambia nyamaza, mwache ajifunze."

Ndoo akamfuata kaka yake kwenye maegesho. Wifi alikuwa amekwisha kuingia kwenye gari na kufunga kioo.

"Ulikanyaga," Ndoo alimwambia. "Ulikanyaga ukajua. Na mama ulimwona amekaa pale."

"Nilijua utaanguka wewe," Kioo alisema. "Wewe, au yule mwalimu wako. Muanguke, uaibike, urudi nyumbani. Mama sikumfikiria."

"Hukumfikiria."

"Mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Mkubwa wangu wa kazi alininyamazia, mlinzi wa mteja akateleza akavunjika mkono, nikapigwa nusu ya kufa. Tangu siku hiyo nimewahi kusahau unga?" Alitoa funguo mfukoni. "Na wewe hutasahau."

Alisema hivyo bila hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Ndoo kuliko tusi lolote: kwamba kaka yake alidhani amemfanyia jema.

Mwalimu alilia sana, lakini watoto wake walipopiga simu walimwambia asitafute balaa, chumba cha uani kifungwe. Zege lilibidi lirekebishwe, na akaitwa nani? Akaitwa Kioo. Alisimama barazani akamwambia Mwalimu, "Ndiyo maana siku zote nasema, tafuteni mafundi." Aliyepiga magoti kulikwangua koti la mwisho, kutoka juu hadi getini, kwa dawa inayochoma pua, alikuwa Ndoo. Angekataa, angekwenda wapi? Mama alikuwa amekwisha kurudishwa nyuma ya jiko, katikati ya makopo, na safari hii hakuweza hata kujisogeza mbali nayo. Alihitaji kugeuzwa, kuoshwa, kulishwa, na dari lile lilikuwa la Kioo.

Jioni moja Ndoo alikuwa anamnywesha mama uji. Kioo akaja akaegemea mlango na kikombe chake cha chai, chai yake yeye, iliyokolea.

"Mwanangu," mama alisema, "kuna jambo linanisumbua, nataka nilitoe. Zile ndala zangu zilikuwa zimekwisha soli. Nilijua zimekwisha. Uvivu tu wa kutafuta viatu." Akapumzika kidogo, apate pumzi. "Kazi yako ilikuwa safi. Hata kakako alisema. Mimi ndiye nimekuharibia, wateja wakakukimbia. Nisamehe, mwanangu."

Kijiko kilibaki hewani. Ndoo alimtazama kaka yake, na kaka yake akamtazama yeye juu ya kikombe, anapuliza chai. Neno lilikuwa pale mdomoni. Lingetoka, mama angemjua mtu anayemlaza chini ya dari lake, na angekaa akilijua hilo kitandani kila siku, hawezi kuinuka, hawezi kwenda popote. Mama alikuwa na watoto wawili tu duniani.

"Ni ndala, mama," Ndoo alisema. "Si wewe. Ni ndala."

"Nilisema zamani zile ndala zitupwe," Kioo alisema. Akanywa chai. "Ndoo, kesho tuna zege kubwa. Koti la mwisho utachanganya wewe. Unga uko kwenye begi langu."

Mama akatabasamu, uji ukimtiririka kidevuni. Akautafuta mkono wa mwanawe wa kike, ule wenye kovu, akaubana kwa nguvu zote alizokuwa amebakiwa nazo.

"Umeona sasa?" alimwambia. "Si nilikuambia atakufundisha?"